Gari Letu, Mimi na Zuhura

Mwezi uliopita Zuhura alikuja Shinyanga kutolewa mtoto wa jicho, akafikia kwangu. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka tisa. Alishuka kwenye basi la kutoka Runzewe na kapu la ndizi na kidumu cha mawese, kama mtu anayekwenda nchi isiyo na chakula, akanishika mkono na kuniambia nimenenepa. Siku ya pili baada ya upasuaji, jicho moja likiwa bado limefungwa bandeji, aligoma kukaa kitandani. Alikuja jikoni, akachukua ungo na kuanza kuchambua mchele kwa vidole, bila kutazama, huku mimi nikikaanga vitunguu. "Mwalimu," aliniita, maana hajawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja, "unakumbuka lile gari lilikuwa linanukaje?" Nikamwambia lilinuka mawese. Akacheka. "Mimi nakumbuka lilinuka chaki." Tukabishana mpaka vitunguu vikaungua, na nilipokuwa navimwaga niligundua kwamba sote wawili tulikuwa tunasema kweli. Kila mmoja aliikumbuka harufu ya mwenzake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano mwaka ule, nafundisha shule ya msingi Nyarugusu, nimepanga chumba kwa Mama Masanja. Nyumba yake ilikuwa na vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja, vyote vikitazama uwani, na kuta zake hazikufika juu. Kati ya ukuta na bati palibaki pengo la kama mikono miwili, na katika pengo hilo yalipita maneno yote ya nyumba nzima. Nilijua nani hana unga, nani amepata jiwe lenye dhahabu huko kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, nani amemkosea mkewe na ameombaje msamaha. Chumbani kwangu palikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, kibatari, na madaftari ya wanafunzi yaliyopandiana mpaka dirishani. Mchana kutwa makarasha yalisaga mawe ng'ambo ya bonde, na vumbi lake jekundu lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa yaliyofunikwa. Leo nalala kwenye nyumba yenye dari, kimya kabisa, na kuna siku najiona kama niliyeziba masikio.

Chumba cha pili kutoka kwangu, sehemu ambayo ukuta ulikuwa mfupi kuliko kwingine, alikaa Zuhura. Alikuwa mtu wa Kigoma, amenizidi miaka minne, mama ntilie aliyewapikia wachimbaji. Aliamka alfajiri, akaswali, kisha akaanza kugombana na kuni. Saa nne alijitwisha sufuria la wali, msaidizi wake akabeba la maharage, wakapanda kilima kwenda kwenye maduara. Jioni alirudi miguu imevimba, akaikanda kwa mawese yale yale aliyopikia. Tulianza kula pamoja kwa sababu ya uvivu wangu. Mimi nilitoa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyoletewa kutoka Kishapu, naye akaipika kwa karanga namna ambayo Msukuma yeyote angeikataa kwa maneno na kuimaliza kwa vitendo.

Gari lilikuwa la mnunuzi mmoja wa mawe aliyepanga chumba cha mwisho. Lilikuwa dogo, la milango minne, rangi yake kama chai iliyozidi maziwa, na lilikuwa limesimama uwani miezi miwili bila kutembea. Kuku wa Mama Masanja walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Jioni moja nikiwa nasahihisha hesabu, nilimsikia yule mnunuzi akimwambia Mama Masanja kwamba amechoka na machimbo, anarudi kwao kulima, na gari atamwachia yeyote atakayempa cha kumfikisha nyumbani. Kisha sauti ya Zuhura ikaja kupitia juu ya ukuta.

"Mwalimu, umelala?"

"Nasahihisha."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tulinunue."

"Nani ataendesha?"

"Tutajifunza. Kwani waliozaliwa wanajua ni akina nani?"

Niliendelea kusahihisha, na asubuhi nilikuta nimewapa vema watoto watatu waliokosa. Mimi nilikuwa naweka akiba ya cherehani, yeye alikuwa anaweka akiba ya kufungua mgahawa wenye viti. Jumamosi tulichanga nusu kwa nusu, tukawahamisha kuku, na gari likawa letu. Mama Masanja alisimama mlangoni ameshika kiuno. "Wanawake wawili, gari moja, dereva hakuna," alisema. "Haya. Mungu mkubwa."

Mafundi wa pale walitusaidia kuliamsha, lakini halikuwahi kupona kabisa. Mlango wa kushoto ulifunguka kwa nje tu, kioo kimoja kilishikiliwa na kipande cha mti, na rejeta ilikunywa maji kuliko ng'ombe. Majirani wakalipa jina la Mgonjwa. Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, swali lililofuata lilikuwa, "Mgonjwa ameamkaje?" Aliyetufundisha ni Shabani, dereva wa lori aliyekwama pale akisubiri kipuri kutoka Mwanza. Hakutaka malipo ila chakula, na kipuri kilipochelewa wiki tatu alinawiri mpaka shati likambana. Tulijifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule, saa kumi jioni, wanafunzi wangu wamejipanga kwenye mstari wa goli. Zuhura alishika usukani kama anavyoshika mwiko. Akikosea gia alilifokea gari, na mara ya pili gari halikurudia kosa. Mimi nilikuwa najua kila kitu kwa maneno. Ningeweza kuandika ubaoni kazi ya klachi na kazi ya breki. Lakini injini ikinguruma, miguu yangu ilisahau ipi ni ipi.

"Mwalimu, unalifikiria sana," Shabani aliniambia. "Hili si mtihani."

Kwangu mimi kila kitu kilikuwa mtihani. Nililelewa hivyo, na nilifundisha hivyo. Tulikwenda Geita kutafuta leseni, Zuhura akapita akitabasamu, nami nikapita nikiwa nimelowa jasho mpaka kwenye soksi. Tangu siku ile nikawa dereva mwenye leseni ambaye hakuwahi kuendesha bila Zuhura kukaa kiti cha pembeni. Yeye akiwepo niliendesha vizuri. Hakunielekeza, wala hakunishikia usukani. Alikaa tu, akila karanga na kutupa maganda dirishani, na hilo lilinitosha. Jioni moja nilimsikia Mama Masanja akimwambia mgeni wake kupitia lile pengo, "Mwalimu yule haendeshi, anasindikizwa." Walicheka, na mimi nikajikohoza ili wajue nipo.

Lakini ulikuwa mwaka wa raha, na sitaki kuusema vingine. Zuhura aliacha kubeba sufuria kichwani. Aliondoa kiti cha nyuma, akatandika magunia, akapanga vyakula humo, na alipofika kwenye maduara alipiga honi mara tatu, wachimbaji wakatoka ardhini wamejaa vumbi kama watu waliofufuka. Chakula kikafika kikiwa cha moto, wateja wakaongezeka maradufu. Jumapili alinipeleka kanisani, akanisubiri nje ameegemea boneti, mpaka mzee wa kanisa akamzoea na kumletea kiti. Sikukuu ya Idi nilimpeleka msikitini nikiwa kwenye usukani, kilemba kipya kichwani, najiona mtu. Siku za likizo tulikwenda ziwani kununua sato, na mara moja tulifika mpaka Kishapu, siku ya mnada, tukarudi na michembe, kuku wawili na kibuyu cha maziwa ya mgando kilichomwagika njiani. Huwa nawaambia vijana wa siku hizi kwamba gari la kwanza halikupeleki mahali. Linakuonyesha tu kwamba mahali pote ulipodhani ni mbali palikuwa karibu. Wananiitikia kwa heshima na kuendelea kutazama simu zao.

Siku moja tu sipendi kuikumbuka, na ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Ilikuwa Jumamosi, kama saa tano asubuhi. Zuhura alikuwa amekwenda sokoni kwa miguu kutafuta nyanya, mimi nafua uwani. Waliingia wanaume wanne wamembeba mwenzao kwenye turubai. Alikuwa Masele, mchimbaji kijana aliyekula kwa Zuhura kila siku. Jiwe lilikuwa limemwangukia duarani na kuuponda mguu wake chini ya goti. Alikuwa amefumba macho na rangi imemtoka. "Mwalimu, tupeleke Geita," walisema, wakamlaza nyuma kwenye magunia. Nikaingia. Nikawasha. Nikaachia klachi, gari likaruka na kuzimika. Nikawasha tena, likazimika. Mara ya tatu lilitembea hatua kumi, nikaona lango la ua limekuwa jembamba kama tundu la sindano, nikakanyaga breki na kukaa pale, mikono kwenye usukani. Mmoja wao aliniuliza kwa upole, "Dada, kuna nini?" Ule upole ndio ulioniumiza. Nikamwambia, "Mwiteni Zuhura."

Walikimbia sokoni. Mpaka alipofika akitweta, jua lilikuwa limehama kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Alinisogeza kwa kiganja kama anavyosogeza sufuria, nikahamia kiti cha pili, akaondoa gari. Njia nzima nilikuwa nimegeuka nyuma nimemshika Masele mkono. Alipona. Mguu ulifungwa, akarudi baada ya miezi mitatu akichechemea kidogo, akanisalimia kama kawaida na kuomba wali wa deni kwa Zuhura. Nilipomuuliza daktari kama tungewahi kidogo hali ingekuwa tofauti, alisema hapana, mguu ule ungekuwa hivyo hivyo. Nilimwamini kwa kichwa. Zuhura hakulizungumza jambo lile hata mara moja, na kwa muda mrefu nilidhani ananyamaza kwa kunidharau. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kuna watu wananyamaza kwa sababu kweli hawana la kusema.

Mvua za vuli zilipokaribia, mambo mawili yalitokea ndani ya wiki moja. Nilipata barua ya uhamisho, kwamba mwaka mpya wa shule niripoti Kishapu, kwenye shule iliyokuwa mbali na barabara kubwa. Na fundi Idrisa, seremala wa Runzewe aliyekuwa akileta vitanda na milango kuuza Nyarugusu, alikuja kumwona Zuhura bila kitanda wala mlango. Nilikuwa mezani kwangu na kuta zilikuwa zile zile. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapoteza hata hayo machache. Aliongea kuhusu mbao za mninga kwa muda, kisha akasema baba mdogo wake Zuhura, anayekaa Runzewe, ameshamsikiliza na hana pingamizi.

"Yeye hana," Zuhura alisema. "Mimi hujaniuliza."

"Nakuuliza."

"Mimi naendesha gari, fundi. Ukinioa, sitaacha."

"Sijui kuendesha," alijibu Idrisa. "Nani atakuzuia?"

Nilisikia Zuhura akicheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia, la chini, kama maji yanayoanza kuchemka. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi, na papo hapo nikaanza kulifikiria gari. Tangu siku ile hatukulitaja. Tuliliosha, tukaliongeza maji, tukalipanda, lakini hakuna aliyeuliza litakwenda Runzewe au Kishapu. Moyoni nilishaamua. Gari huenda na anayeliweza.

Ndoa ilipangwa kufungwa alasiri ya Jumamosi, nyumbani kwa baba mdogo, Runzewe. Shangazi yake Zuhura alitoka Kigoma siku nne kabla, akamfungia ndani, akampaka hina mikononi na miguuni mpaka kwenye vifundo. Bwana harusi alikodi pikapu ya kuja kumchukua. Saa mbili asubuhi haikuja, saa tatu haikuja. Saa nne alifika mtu wa baiskeli kusema pikapu imekatika ekseli msituni. Shangazi akaanza kulia. Zuhura alitoka chumbani na baibui lake, akasimama uwani, akalitazama jua.

"Tunakwenda na Mgonjwa," alisema.

"Nani ataendesha?" shangazi aliuliza. "Bibi harusi hashiki usukani. Hina hiyo."

"Hina imekauka. Ama aendeshe nani, shangazi? Mwalimu?"

Watu walicheka uwani, na mimi nilicheka nao. Lilikuwa cheko la kweli lenye mwiba ndani yake. Tukapanda, shangazi nyuma akiwa amekumbatia sanduku, mimi pembeni na mkeka na chetezo cha udi. Sijawahi kuona mtu akiendesha vile. Mikono yake ilikuwa myekundu na myeusi kwa maua ya hina, ikizungusha usukani kwenye makorongo, ikibadilisha gia bila kelele, na wanawake waliokuwa wakipalilia pembeni mwa njia walinyoosha migongo na kupiga vigelegele walipomwona bibi harusi akijipeleka mwenyewe. Shangazi alinuna mpaka nusu ya safari. Kijiji cha tatu aliposikia vigelegele, alitoa kichwa dirishani na kuanza kuvijibu. Tulifika Runzewe saa nane na nusu. Idrisa alikuwa amesimama barabarani na kanzu yake, uso umemparara kwa wasiwasi, na alipoona nani yuko kwenye usukani aliondoa kofia, akaivaa tena, akasogea pembeni kutupisha.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi, baada ya chai na maandazi, niliomba ruhusa niwahi lori la kurudi, kwa sababu Jumatatu nilikuwa na mitihani. Zuhura aliniita chumbani. Alikuwa amekaa mkekani amejitanda kanga mbili mpya, anaonekana mdogo kuliko mimi. Aliniwekea ufunguo kiganjani.

"Rudi nalo," alisema.

"Nalo? Peke yangu?"

"Mimi hapa soko liko mlangoni, na mume wangu anatembea kwa miguu. Wewe unapelekwa Kishapu kwenye jua, shule haina hata basi. Nusu yangu ya gari utanilipa kwa mchele, pole pole."

"Zuhura, unanijua. Siku ya Masele uliniona."

"Nilikuona," alisema. "Nilikuta umeshafika langoni."

Shangazi aliingia na uji, nami nikatoka nje kabla machozi hayajanidhihaki mbele ya watu. Mchele niliupeleka, magunia yale niliyoweza, kwa miaka miwili, na kila nilipoufikisha alinigawia nusu nirudi nayo.

Niliondoka Runzewe kwa gia ya kwanza na nikabaki nayo mpaka mji ulipokwisha. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na nilijikuta nakitazama kila baada ya kona, kama mtu anayesubiri kuelekezwa. Hakuna aliyenielekeza. Baada ya saa moja niliingiza gia ya tatu. Nilianza kuimba pambio, sauti ikitetemeka pamoja na bodi, na nilikuwa nimefika ubeti wa pili nilipokuta korongo limejaa. Jana yake tulilipita likiwa kavu. Sasa maji ya udongo yalipita juu ya njia, yakifika nusu ya tairi la lori lililotoka kuvuka na kusimama upande wangu. Dereva wake, mzee mwenye ndevu nyeupe, alikuja akikunja suruali.

"Shikamoo baba," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Chini pana mawe, si tope, gari linapita. Sogea nikuvushie."

Nilisogea. Sikufikiri hata kidogo. Nilihamia kiti cha pili kama nilivyozoea kuhamia, naye akaingia, akafunga mlango, akaweka mkono kwenye gia. Ndipo nikauona mkono ule wa mtu mwingine. Nikaona pia kwamba ng'ambo ya pili atashuka, atarudi kwenye lori lake, na nitabaki na safari yote iliyosalia, na makorongo mengine, na Kishapu.

"Samahani baba," nilisema. "Naomba unipishe."

Alinigeukia. "Unaweza?"

"Sijui."

Akashuka, nami nikarudi kwenye usukani. "Gia ya kwanza," alisema, akiinama dirishani. "Usibadilishe. Usiachie mafuta mpaka tairi za nyuma zikanyage pakavu. Na usiyatazame maji, tazama ule mti."

Niliutazama mti. Maji yalipiga milango, yakaingia chini na kulowesha miguu yangu, gari likayumba kushoto, likagonga jiwe, likanyanyuka. Nilisikia injini ikilia nami nikalia nayo, mguu umekandamiza mafuta kama nataka kutoboa sakafu. Kisha mbele likainuka, na nyuma likafuata, na njia nyekundu ikanyooka mbele yangu. Sikusimama kupunga mkono. Niliogopa nikisimama sitaanza tena, kwa hiyo nilipiga honi, na nyuma yangu lori likajibu.

Niliingia Nyarugusu saa tisa alasiri, nikapita kwenye lango la Mama Masanja bila kugusa upande wowote, nikazima injini. Alikuwa anatwanga muhogo. Aliacha mtwangio ndani ya kinu, akaja mpaka kwenye gari, akachungulia kiti cha pembeni, akachungulia nyuma.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amebaki kwake, mama. Ameolewa salama."

"Na wewe umeletwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vilivyolowa. Alikwenda jikoni akarudi na ugali na mlenda, akaniwekea juu ya boneti ambayo bado ilikuwa ya moto, na nikala nimesimama pale pale, watu wakipita.